Mizizi ya Mama Mukwe

Bulengera, Butembo, tarehe 9 Machi 2025

Baba Précieux, mukwe wangu muheshimiwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Hapa tuko, baridi inatubana lakini tunaishi. Barua hii Malachie wa moto, yule wa pikipiki, atakuletea pamoja na kifuko.

Juma iliyopita tulikusikia kwa radio. Tulikuwa tunachambua maharagi, mimi na jirani Gracieuse, mara sauti ikatoka: "Mizizi hii ilitoka kwa mama mukwe wangu, kule Butembo." Yesu na Maria! Nilisimama, maharagi yote ikamwangika. Unajua vile kwetu iko: mukwe na mama mukwe hawapane mukono, hawaongee kwa telefone, wakikutana njiani mumoja anageukia ukuta. Ndiyo maana tunaandikiana, kalatasi haina macho. Kumbe radio ikakuingiza mpaka jikoni kwangu, na mimi miguu wazi! Nilikimbilia kitenge kama vile ulikuwa unaniona. Gracieuse alicheka mpaka akakohoa.

Ulisema muzuri. Ulisema ubongo iko na askari wake. Ugonjwa ikiingia wanapigana, na ikishatoka kuna askari wanakataa kurudi kambini, wanaendelea kupiga raia, na kichwa inavimba kwa ndani. Hapa kwetu nani hajue askari wa namna ile? Ukasema mu labo yenu, ile maabara, maji ya mizizi yangu iliwatuliza. Marehemu mama yangu alikuwa anatupa mizizi hiyo kwa homa ya kichwa, na sisi tulikuwa tunaikimbia juu ya uchungu yake. Leo watu wananisalimia kanisani kama bibi ya gavana.

Binti yangu Sophie ameniambia munahitaji ingine. Hii hapa. Ile ya kwanza alijichimbia mwenyewe wakati wa Noeli, akaitupa mu mufuko na udongo yake yote. Nilipojua imefika mikononi mwako hivyo, nilisikia haya siku mingi. Hii sasa ni mimi ninakutumia. Utaiona.

Keren, mutoto wangu wa mwisho, anakusalimia. Tangu alitoka hospitali na ile kuvimba kwa ubongo, bado hajarudi kuwa yeye. Vidonge vya hospitali anameza kila asubuhi, na uso umekuwa mviringo kama sahani. Anaona haya kusimama mu chorale. Akianza kuimba peke yake, neno inamukimbia katikati, anabakia kinywa wazi mbele ya watu. Ni musichana wa miaka kumi na tisa, baba. Naomba kuuliza, bila kukusumbua: yeye naye anaweza kunywa mizizi hii lini?

Mama mukwe wako


Beni, 21 Machi 2025

Mama yetu muheshimiwa,

Wasingya sana, asante. Kifuko kilifika, Malachie alikibeba kama mutoto. Sophie na Précieux wanakusalimia.

Kwanza naomba pardon juu ya radio. Mutangazaji aliniuliza mizizi ilitoka wapi, jina yako ikanitoka mbele sijafikiri. Kuingia jikoni kwa mama mukwe bila kubisha hodi! Nilipojua, nilisikia haya mpaka kwa masikio.

Mama, mizizi uliyotuma ni ya kupendeza. Nyeupe, safi, imekatwa sawasawa kama chaki. Wenzangu wa labo walisema hawajaona sampuli nzuri hivi tangu wazaliwe. Niliwajibu kwamba mama mukwe wangu alikuwa mwalimu. Tutaijaribu kabla ya Pasaka.

Juu ya Keren, Mama, tunamuombea kila jioni. Mu labo bado tuko na chembe za ubongo wa panya, mu sahani za kioo. Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Lakini tuko karibu, na Mungu akisaidia mizizi yako itafikia watoto wengi. Tuvumilie kidogo.

Nakusalimu kwa heshima yote,

Zorobabel, baba Précieux


Bulengera, 6 Aprili 2025

Baba Précieux,

Barua yako nimeisoma mara na mara, na nimekuelewa. Mukwe mwenye adabu hawezi kumuandikia mama mukwe "ndiyo" uchi uchi. Anaifunga ndani ya methali, na mwenye akili anaifungua. Mimi nilifundisha watoto kusoma, siwezi kushindwa kusoma mukwe wangu.

Umeandika: tuko karibu. Inatosha. Na mimi nina methali yangu: chelewa chelewa utakuta mutoto si wako.

Usinijibu juu ya jambo hili. Ukijibu nitasikia haya, itakuwa kama nimekulazimisha kusema. Wewe fanya kazi ya wakubwa huko, mimi nitafanya ya mama hapa.

Keren anasema asante.

Mama mukwe wako


Beni, 27 Aprili 2025

Mama,

Ni mimi Sophie. Ninakuandikia sababu kwa telefone unaweka haut-parleur, sauti inatoka inje, na majirani ya parcelle muzima banasikia, mpaka na bakuku. Hii hapana ya parcelle.

Bwana yangu hakule, Mama. Mizizi yako ya pili haikufanya kitu. Balijaribu, balirudilia, hakuna. Maji tupu na maji ya mizizi, ni moja. Balibadilisha mashini, balibadilisha panya, ni vile vile. Professeur Siméon, mukubwa ya labo, alimuuliza mbele ya batu bote kama matokeo ya kwanza alitunga mu kichwa. Mbele ya batu, Mama! Bale bastagiaires, banafunzi benye anafundisha, banaangalia chini. Na mwezi wa tano bageni banatoka Kinshasa kuona ile mizizi ya ajabu ya radio.

Anarudi nyumba, anageukia ukuta. Radio inamuita tena, anasema iko mugonjwa. Njiani batu banamupigia kelele, "Docteur wa mizizi!" Ni kumupenda banamupenda, mais yeye anafikiri banamucheka. Juzi alipita njia ya nyuma, kwenye mitaro, juu asikutane na mutu. Précieux akamuuliza, "Papa, uliiba?" Sikujua nicheke ao nilie.

Nilimuambia: ile ya kwanza nilichimba mimi, ya pili ni Mama alitengeneza, kwa nini usimuulize alifanya namna gani? Akaniangalia kama nimetukana. Ati, "Nimuulize mama mukwe mambo ya jikoni yake? Heri banifukuze kazi." Na kweli batamufukuza, Mama. Batasema ni mwongo, na hakuna labo ingine itamuchukua.

Donc basi, njo mimi ninauliza, mimi mutoto wako. Mama, ile mizizi uliifanya nini?

Sophie


Bulengera, 30 Aprili 2025

Sophie,

Swali gani hilo la kumuuliza mama yako? Niliifanya kile mwanamuke yeyote mwenye kulelewa anafanya akimutumia mukwe kitu.

Niliacha yote mizee, nikachagua michanga. Ile ngozi nyeusi ya juu niliikwangua na kisu mpaka ikabakia nyeupe. Nikaiosha, nikamwanga maji, nikaiosha tena mpaka maji ikatoka kama ya kisima. Nikaipitisha ndimu isigeuke rangi. Nikaianika juu ya kitambaa ya meza, ile ya ubatizo wako, na nikakaa kando kufukuza kuku. Ile ngozi inanuka kama kwato ya mbuzi, na wewe unajua. Ungetaka nimutumie bwana yako kitu chenye kunuka? Aseme binti alimutoa kwa watu gani?

Nimeandika mpaka hapo, na kalamu imesimama.

Sophie. Mama yangu alikuwa anapika na ngozi yote. Hakuwa anakwangua, hakuwa na mukwe wa kumutumia. Ile ya kwako ilikuwa na ngozi. Eh Mungu wangu.

Usimwambie. Sikia mama yako: usimwambie. Nilijisifu kanisa muzima, nilimutembeza kwa kinywa kama bendera, na ni mimi nimemuharibia kazi na ndimu yangu. Nitaingia nyumba yenu na uso gani? Tafuta njia, sema udongo ilikuwa ingine, sema mvua.

Juu ya Keren usiwe na wasiwasi, huku ndiko Mungu ananifariji. Uso wake umerudi mudogo! Mashavu imeisha, macho imefunguka, anakuwa mrembo kama zamani. Gracieuse anasema ni muujiza. Analalamika uchovu, kichwa inamuuma, na asubuhi anatapika, lakini ni dawa inafanya kazi. Yake sikuikwangua sana, yeye si mukwe.

Mama


Beni, 2 Mai 2025

Mama,

Hapana. Hapana. Usimupe Keren mizizi tena, na mupeleke hospitali sasa hivi, mbele umalize kusoma. Waambie waganga kwamba aliacha vidonge. Waambie tu hivyo, watajua.

Sophie amenionyesha barua yako. Umusamehe, nilimukuta analia nayo. Niliposoma "uso wake umerudi mudogo" nilikimbilia telefone. Ule uso wa mviringo ulitoka kwa vidonge, Mama. Ukirudi mudogo, ni kusema hamezi tena. Na vile vidonge hawaachi kwa mara moja. Wanapunguza pole pole, mwezi kwa mwezi, kwa sababu mwili umesahau kujitengenezea nguvu ile. Kutapika, uchovu, kichwa, si mizizi inafanya kazi. Ni mwili unaanguka, na askari wanatoka tena kambini.

Nilikupigia. Ulisema "allo", nikasema, "Mama, ni mimi Zorobabel," ukakata. Nilirudilia, telefone imezimwa. Gracieuse hashike telefone. Sophie amepanda moto na Malachie, barua hii iko mu kifua yake. Kama barrière ya Kabasha, kile kizuizi cha askari njiani, itawaachilia, watafika leo.

Mama, mu sahani ya kioo, maji ya mizizi inakutana na chembe uso kwa uso. Mu mutu haiko hivyo. Kati ya damu na ubongo kuna barrière, kali kuliko zote tunazijua huku kwetu, vitu vingi vinarudishwa pale. Ya mizizi yako hatujui kama inapita. Sikujua Machi, sijui leo. Uliniuliza vizuri, na neno nilikuwa nalo, nikakuwekea methali. Niliogopa kumuandikia mama mukwe "hapana", na sifa za radio zilikuwa zimenivimbisha kichwa. Barua yako ya Aprili niliisoma haraka haraka. Ulisema nisijibu, nikafurahi kwamba hautauliza tena. Nilifurahi, Mama. Nasikia haya hata kuandika.

Kesho unifukuze kwenu. Leo mupeleke Keren.

Zorobabel


Hospitali, Butembo, 14 Mai 2025

Zorobabel,

Anaishi. Nimetanguliza hiyo sababu najua utatafuta hiyo.

Sophie alipofika, Keren alikuwa ameanguka kando ya mbabula, jiko ya makaa, mwili unaruka, povu kinywani, na mimi nimeshika kikombe. Nilitaka kumunywesha tena. Kama Sophie hangenipokonya kile kikombe ningemunywesha, hata sasa mukono wangu unakumbuka. Walimuweka katikati ya pikipiki, Malachie mbele na Sophie nyuma akimukumbatia, na mimi nikafuata kwa miguu nikilia njia muzima kama mwenda wazimu. Watu waliniamkia, "Mwalimu, kuna nini?" Nikawapita.

Muganga aliniuliza, "Vidonge aliacha lini?" Nikasema, "Tulisahau kidogo," na ni mimi nilimuachisha. Mimi! Mimi niliyechapa watoto wa watu juu ya uongo mudogo kuliko ule. Muganga alikuwa musichana, anaitwa Jokébed, na nilimutambua: nilimufundisha kusoma. Nilidanganya mwanafunzi wangu mbele ya mutoto wangu anayekufa. Sophie alitoa barua yako kifuani, akaiweka juu ya meza, mbele ya yule binti. Jokébed akasoma, akaniangalia, akasema tu, "Asante, Madame," kama zamani darasani, na akakimbia kutafuta sindano.

Nikuambie juu ya telefone, sababu umeniambia ukweli yako. Nilikuwa naoga. Telefone ililia, nikafikiri ni Sophie, nikashika na sabuni machoni. Mara sauti ya mukwe, na mimi niko uchi! Nilikata, nikazima, nikaifunika na taulo kama vile wewe uko ndani. Halafu nikaketi juu ya ndoo, nikacheka. Nilicheka kabisa, nikisema nitamuelezea Gracieuse. Keren alikuwa anatapika nyuma ya nyumba, nilikuwa ninamusikia.

Alifungua macho siku ya saba. Anakula. Mukono wa kushoto ni muzito, wanasema utarudi ao hautarudi. Ila majina ya watu yametoka. Sophie anamuita "yule wa Beni". Mimi ananiita "Mwalimu". Ananiambia, "Mwalimu, naomba maji." Wauguzi wanafikiri ni heshima.

Waambie wageni wako wa Kinshasa kwamba mama mukwe aliikwangua ngozi, akaiosha na ndimu. Sema hivyo hivyo, usinifunike. Sophie atarudi na mizizi mizee, na ngozi, na udongo. Nimechimba mwenyewe, na sikuipangusa.

Naweka jina langu, sababu mama mukwe amekwisha kuharibu ya kutosha.

Kanyere


Beni, 1 Juni 2025

Mama,

Niliiweka mezani mbele ya wageni kama ulivyoituma, na udongo. Tulisaga ngozi peke yake, na nyama nyeupe peke yake. Nyeupe haikufanya kitu. Ngozi ilituliza chembe, mara ya kwanza, ya pili, na kila mara tulirudilia. Niliwaelezea sababu ya kifuko cha pili kushindwa. Professeur Siméon alicheka kwanza, halafu akaniambia kwao Lubero yeye naye mama mukwe wake anamuchambulia muchele punje kwa punje. Aliniomba pardon mbele ya wale wale walioniona nikiaibishwa. Wageni walipiga makofi.

Jina yangu imesafishwa, Mama, na nilisikia haya kuliko siku ile ya kuitwa mwongo. Walikuwa wanapiga makofi juu ya sahani ya kioo. Nilikuwa nafikiri mukono wa Keren.

Nilirudi kwa radio, bila kualikwa. Nilisema: ile mizizi haiko dawa. Labda siku moja, mimi nikishazeeka, kitu kitatoka ndani yake, ao hakitatoka. Nilisema asiwepo mutu wa kuacha vidonge vya hospitali juu ya maneno yangu. Sikutaja jina yako wala ya Keren, nilitaja yangu. Watu walipiga simu kunitukana, ati wazungu wamenihonga. Kisha mama mumoja akapiga, sauti yake ndogo, akasema, "Docteur, mimi nilishamupa mutoto. Sasa nifanye nini?" Nikamuambia aende hospitali sasa hivi, aende na viatu yenye anavaa. Sijui alienda. Sijui wangapi wako ambao hawakupiga.

Naomba nije kumuona Keren. Sitakuja kama mukwe mwenye kufichiwa. Lakini kama wewe unataka kubaki nyuma ya mulango, nitaheshimu.

Zorobabel


Bulengera, 15 Juni

Kwa bwana ya Sophie,

Shemeki, ni mimi Keren. Ninaandika na mukono ya kuume, ile ingine inalala. Jina yako Sophie aliniambia, nikaiweka, haiko tena. Usikasirike. Na ya Mama pia inaenda inarudi. Leo iko.

Ulikuya hapa na jibini na mikate, asante, jibini nilikula yote. Mama alikuwa nyuma ya mulango ya jiko. Wewe ulikuwa unaangalia kiatu yako. Mama anasema kwa mulango, "Ni mimi." Wewe unasema kwa kiatu, "Hapana Mama, ni mimi." Mama, "Ni mimi nilikwangua." Wewe, "Ni mimi nilinyamaza." Mulilia bote babili. Mimi nilikuwa katikati, juu ya kitanda, na hakuna mwenye aliniuliza kitu. Haya yenu iko kubwa sana, inajaza nyumba, hata mimi sikupata nafasi ya kukaa.

Mimi njo nilikunywa. Ilikuwa uchungu kama nyongo, na Mama alikuwa ananishika pua kama mutoto. Sikutaka. Nilipenda uso yangu irudi, iko kweli, mais nilikuwa naogopa. Nilimuuliza Mama, "Yule wa labo amesema ninywe?" Ile nakumbuka muzuri, hata mahali nilikuwa nimekaa, na kikombe ilikuwa ya kijani. Mama akasema, "Amesema." Njo nikanywa.

Jokébed ananifundisha majina kila siku. Kwa chorale banakuya kuniimbia hapa nyumba, mimi ninaimba lalala, na haiko mbaya. Shalom, yule wa sauti ya chini, aliniambia lalala yangu inashika sauti juste kuliko maneno yao. Sikumbuke kama zamani nilikuwa ninamupenda. Sasa ninamupenda kidogo.

Ninauliza kitu moja, unijibu mu kalatasi juu niweze kuisoma tena. Ulisema ninywe, ao haukusema? Mama analia nikimuuliza, Sophie anatoka inje. Ninasahau bintu mingi, mais hii sitaki kuisahau.

Keren


Beni, 18 Juni 2025

Keren,

Naitwa Zorobabel. Nilimuoa dada yako Sophie. Mutoto wetu ni Précieux, anakuita Tantine. Mama yako anaitwa Kanyere.

Sikusema unywe. Sikusema usinywe. Mama yako aliniuliza, na jibu nilikuwa nalo, neno moja tu, hapana. Niliona haya kumuandikia mama mukwe neno lile, nikaandika maneno mengine ya kupendeza mahali pake. Yeye akayasoma kama ndiyo, na wewe ukanywa.

Umesema kweli, tulilia pale juu yetu wenyewe. Pardon, Keren.

Weka kalatasi hii mahali unaweza kuiona. Ikipotea, ao ukisahau, niulize tena. Kila mara utaniuliza, nitakujibu hivi hivi.

Zorobabel